Simu mbili za bei ya kati, na moja inakata maongezi kwa shavu: uzoefu wangu

Kama unachagua kati ya simu mbili za Android za bei ya kati na unalinganisha megapikseli, hebu simama kwanza unisikilize, maana kilichonitesha mimi hakijaandikwa popote kwenye boksi na hakuna muuzaji atakayekutajia.

Nimetumia zote mbili. Ya bluu ilikuwa yangu, nyeusi ya shemeji yenu, tulinunua kipindi kimoja halafu baadaye tukabadilishana kwa sababu nitakazosema. Kamera, ram, sijui kioo hertz ngapi, siandiki, hayo unayapata kila mahali na kwenye matumizi ya kila siku zimepitana kidogo sana. Na nisiseme uongo, ya bluu ni nzuri jamani. Kioo unakiona hata juani, unaichomeka chaji ukienda kuoga ukitoka imeshapanda vya kutosha, nyembamba, imekaa vizuri mkononi. Ndiyo maana nimekasirika hivi, ningekuwa nimenunua kimeo tangu mwanzo ningejua moja.

Shida yake haijui kama iko sikioni.

Ukipiga simu ya kawaida ukaiweka sikioni, kioo kinatakiwa kizime chenyewe ili shavu lisibonyeze vitu. Inayofanya kazi hiyo ni sensa ya ukaribu, kidude kidogo kinakaa pale juu, kinatoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, ukigonga shavu ukarudi simu inajua niko sikioni, inazima kioo. Simu zimefanya hivyo miaka yote bila hata mtu kuisifu. Sasa watengenezaji wengine kwenye simu za daraja hili wamekitoa, wanabana gharama na pia kioo siku hizi kinafika mpaka ukingoni kwa hiyo nafasi ya kukiweka ni ndogo, badala yake wameweka sensa ya programu. Hiyo haina jicho, inakisia. Zipo zinazotoa sauti kali kupitia spika ya sikioni ambayo binadamu hatuisikii, halafu maiki inasikiliza inavyorudi, na inachanganya na mwendo wa simu, yaani ile namna ulivyoinyanyua kupeleka sikioni. Ukiinyanyua kama ilivyozoea, sawa. Sasa uwe umelala chali, au umeibana na bega mikono ina kazi, au sikio limechoka ukahamishia upande wa pili, hapo ndipo inapopotea kabisa, kioo kinawaka huku kimegusana na uso wako na shavu linaanza kubonyeza.

Mimi na mama yangu tunaongea karibu kila jioni. Mama siyo mtu wa video wala wa kuchati, ni simu ya kawaida tu. Katikati ya maongezi nasikia anaita haloo, haloo, mimi najibu, yeye hanisikii kwa sababu shavu limeshabonyeza kile kialama cha kuzima maiki. Ikitokea tena na tena mama anaanza kuniuliza, mwanangu, mbona unaninyamazia, nimekukosea nini? Siku nyingine ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, ananieleza majibu yake ya presha hospitali wamemwambiaje, shavu likavuta ile menyu ya juu likawasha hali ya ndege, simu ikakatika. Nampigia haitoki, yeye ananipigia anaambiwa sipatikani, mpaka nimekuja kuona kale kandege pale juu mama ameshajua nimemkatia makusudi kwa sababu sitaki kusikia habari za ugonjwa wake. Hiyo siku nililia aisee. Sidhani kama aliyekaa kwenye kikao akasema tutoe hiki kidude anafikiria mambo kama hayo.

Voisi za WhatsApp ndiyo usiseme. Unaweka sikioni usikilize kwa siri, kioo kinazima, kinawaka, voisi inasimama, inaanza tena kwa spika kubwa, watu wote wamesikia.

Nikaenda kituo chao cha huduma. Kampuni siitaji, sensa za namna hii ziko kwa wengi. Kijana wa dawatini hakuninyanyulia hata uso. Dada, toa protekta. Nikatoa, protekta yenyewe nzima, ikafa pale pale. Dada, futa kashe. Nimeshafuta. Apdeti. Nimeshaapdeti. Akaichukua, akapiga namba, akaiweka sikioni mara moja amesimama wima kama askari, kioo kikazima, akanirudishia akisema mbona inafanya kazi, labda dada unaishika vibaya.

Unaishika vibaya!

Nikamwambia mdogo wangu, mimi simu nimeanza kuongea nazo tangu za batani, hakuna hata moja iliyowahi kunipangia nilale vipi au sikio lipi. Hebu ibane na bega uone. Hakutaka. Nikaibana mimi, nikapiga, kioo kikawaka, akaona kwa macho yake. Unajua alisemaje? Akasema hiyo siyo hitilafu dada, ndivyo ilivyoundwa, kwa hiyo warantii haihusiki. Halafu akamwita mteja mwingine mimi bado nimesimama pale. Yaani ikiharibika wanatengeneza, ikiwa mbovu tangu kiwandani basi hiyo ni halali. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake napata joto kifuani, na angeniambia tu pole dada, tunalijua hili tatizo, ningeondoka kwa amani.

Ndiyo tukabadilishana. Nyeusi ina sensa yenyewe, unaiweka sikioni inazima pap, ulale, ukae, ubane na bega. Wiki za kwanza nilikuwa namwambia kila mtu chukua nyeusi, acha ya bluu, hakuna mjadala.

Sasa hivi siwezi kusema hivyo kwa kifua kile kile. Nyeusi inaua programu kwa nyuma. Meseji za WhatsApp zinakaa huko hazifiki mpaka uifungue mwenyewe, zinaingia zote kwa mkupuo, na programu ninayotumia kunikumbusha dawa ilinyamaza kimya kama haipo. Android yenyewe tangu toleo la 6 mwaka 2015 ina mfumo wa kuzilaza programu simu ikiwa imetulia, hiyo siilaumu, inasaidia betri. Shida kuna watengenezaji wanaoongeza ukali wao juu ya hapo ili betri ionekane inakaa sana. Nikaingia kwenye mipangilio ya kila programu ninayoitegemea, nikaiondolea vizuizi vya betri, nikairuhusu ijiwashe yenyewe, ikatulia. Ikaja apdeti, baadhi zikarudi zilivyokuwa, nikaanza upya. Inachosha. Lakini angalau hili lina pa kubonyeza, la bluu halina, huwezi kuingia kwenye mipangilio ukaongeza kifaa ambacho hawakukiweka.

Na shemeji yenu anaipenda ya bluu mpaka kesho. Yeye anaongea kwa earphone kutwa nzima, sikioni haiweki, kwa hiyo kwake hiyo shida haipo na anaona nakuza mambo. Kwa mtu kama yeye ya bluu ndiyo bora, nalikubali hilo, hata ningemshauri. Ila ukiniambia mimi nivae earphone ndipo niongee na mama yangu, hapana, simu ni ya kuongea kwanza.

Kabla hujatoa hela fanya hivi. Piga simu yoyote, ilaze mezani maongezi yakiwa yanaendelea, funika pale juu kwa kiganja. Yenye sensa ya kweli inazima hapo hapo. Ikiendelea kuwaka, kuna uwezekano mkubwa inasubiri mwendo wa mkono ndipo ikisie. Halafu iweke sikioni, hamisha upande, ibane na bega, inama, muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Mtandaoni kwenye orodha ya sensa angalia pia kama mbele ya neno "proximity" wameandika "virtual", ukiliona hilo jaribu mara mbili mbili.

Juzi ya bluu imepata apdeti kubwa, shemeji yenu akaniletea kwa furaha, jaribu sasa wamerekebisha. Nikapiga nimesimama, ikazima vizuri, nikatembea nayo, ikazima, nikaanza kulainika kabisa na kufikiria nimewaonea bure. Nikalala kitandani nikampigia mama. Hatujamaliza hata salamu anasema mwanangu sikusikii, umeenda wapi? Nimemrudishia mwenye nayo.