Mtumbwi wa gogo au wa mbao: upi wa kwenda kulala kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu?

Kila likizo swali hili hurudi hapa Bukavu. Kwa bei, gogo la kukodi kwa mvuvi ni nafuu. Wa mbao una gharama zaidi, ila unabeba watu wanne, hema, gunia la makala (makaa) na bidoni ya maji bila magoti kugongana.

Kinachoamua hasa ni upepo wa mchana. Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, halina mamba, lakini mawimbi linayo. Siku moja yalitukuta: ndani ya gogo letu jembamba hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Unga ulilowa, tukala sambaza, samaki wadogo wa ziwa, bila bugali (ugali)! Tangu siku ile unga wangu husafiri kwenye ndoo yenye mfuniko, imefungwa kwa kamba.

Matunzo? Gogo halina maungio, ila jua hulipasua, liweke kivulini. Mbao huvuja, kwa hiyo usisahau kopo la kutolea maji.

Uko peke yako, unafuata ufuo? Gogo latosha. Una watoto? Chukua wa mbao, na uondoke alfajiri.