Mein swichi ya chuma ya njia 12: nyumba ipi inaihitaji, na nini cha kukagua kabla ya kulipa

Tunachokipima hapa ni kisanduku cha chuma cha njia 12 chenye mein (breka kuu) ya ampea 63, RCCB ya ampea 63 (kifaa kinachokata umeme unaovuja kwenda ardhini ukifika miliampea 30), basiba ya shaba (kipande chenye meno kinachogawa umeme kwa breka zote), na nafasi za breka ambazo mnunuzi anazijaza mwenyewe. Kinachukua nafasi ya mein swichi ya plastiki ya njia nne, au zile katauti za waya wa fyuzi ambazo bado zimo kwenye nyumba za zamani za Dar es Salaam, Tanga na Morogoro. Kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye kiyoyozi kimoja, ni chaguo zuri. Kwa nyumba ambayo shida yake ni umeme mdogo unaofifisha taa jioni, ni kupoteza pesa bure, kwa sababu kisanduku hakiongezi hata volti moja.

Sababu nzito kuliko zote ya kubadilisha haionekani kwa macho. Nyumba nyingi zinategemea rodi ya ethi iliyopigwa ardhini nje ya ukuta. Tuseme rodi hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida ardhi ikikauka. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, mkondo unaokwenda ardhini ni volti 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haina habari na mkondo huo. Itakaa imewashwa mchana kutwa huku bodi ya friji ina umeme na mtoto anatembea peku jikoni. RCCB ya miliampea 30, kwa kiwango cha IEC 61008, inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300. Kwa hiyo fungua kifuniko kidogo cha mbele uangalie: kama hakuna kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T au TEST, usisubiri dalili nyingine. Na kama kisanduku cha zamani ni kizima na kina nafasi mbili tupu, ongeza RCCB peke yake. Huna haja ya kisanduku kipya.

Katauti za waya ni sababu ya pili. Waya wa fyuzi wa ampea 15 una unene wa milimita 0.5 tu, na wa ampea 30 una milimita 0.85. Ukivuta kishikio cha katauti ukakuta nyuzi za shaba zilizosokotwa kutoka waya wa pasi, hapo hakuna ulinzi wowote. Waya wa ukutani utaungua kabla ya huo.

Halafu kuna joto. Washa vitu vizito kwa saa moja, kisha weka kiganja juu ya kifuniko. Uvuguvugu ni kawaida. Kifuniko kinachochoma, plastiki iliyogeuka rangi ya chai kuzunguka breka moja, mlio wa kuchemka au harufu kama ya samaki, vyote vinaonyesha kiungio kilicholegea. Wakati mwingine kukaza skrubu na kubadilisha breka moja kunatosha. Basiba ikishaungua, badilisha kisanduku kizima.

Breka kujikata si dalili ya kisanduku kibovu. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibiwa: fundi anaitwa, anatoa breka ya ampea 20 ya soketi, anaweka ya 32, na kweli haikati tena. Waya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya paipu ukutani unabeba ampea 24 katika nyuzi joto 30. Kwenye dari chini ya bati, joto likifika nyuzi 40, zidisha kwa 0.87, unabaki na 20.9. Ukipita paipu moja na nyaya za saketi nyingine, zidisha tena kwa 0.8, unabaki na 16.7. Breka sahihi hapo ni ya ampea 16, na hata ile ya 20 ilikuwa kubwa. Tiba ya soketi zinazokata ni kuzigawa kwenye saketi mbili, na hapo ndipo kisanduku chenye njia zaidi kinapoonyesha faida.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kwenda dukani. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24 peke yake. Birika la wati 2,000 ni ampea 8.7, pasi ya wati 1,200 ni 5.2, jiko la presha la umeme la wati 1,000 ni 4.3, na kiyoyozi kinachovuta wati 1,200 ni kama 5.2. Ongeza pampu ya maji, friji na taa, utapita ampea 50 vyote vikiwaka pamoja. Mein ya 40 haitoshi. Ya 63 inatosha. Lakini soma pia uso wa mita ya LUKU: ukiona 5(60)A, namba ya ndani ya mabano ndiyo ukomo wa mita, na kisanduku cha ampea 100 nyuma yake hakibadilishi kitu.

Sasa kisanduku chenyewe. Chuma ni uamuzi mzuri: Uingereza ilianza kudai visanduku visivyoshika moto majumbani mwaka 2016, baada ya viungio vilivyolegea kuwasha vile vya plastiki. Pwani, hata hivyo, hewa ya chumvi inakila chuma. Kifunge ndani, kamwe si barazani, na kila tundu lililotobolewa livalishwe mpira wa kuzuia makali yasikate waya. Tundu lililoachwa wazi linamkaribisha mjusi, na mjusi akilala kati ya basiba na nyutro anazima nyumba nzima.

Neno "njia 12" linahitaji kuhesabiwa kwa kidole. Mein inachukua nafasi mbili, RCCB mbili, zinabaki nane. Weka taa saketi mbili (waya 1.5, breka 6 au 10), soketi saketi mbili (waya 2.5, breka 16), jiko na hita kila kimoja peke yake (waya 6, breka 32), pampu na kiyoyozi breka 16 za aina C ili zisikate injini inapoanza kuzunguka. Nane zimekwisha. Mwenye mpango wa kuongeza kiyoyozi cha pili anunue cha njia 16 au 18 leo. Hiki ndicho kilema chake cha kwanza. Cha pili ni RCCB moja kwa nyumba nzima: hita ikivujisha umeme bafuni, friji nayo inazimika. Anayeweza kumudu achague kisanduku chenye RCCB mbili, au aweke RCBO (breka na RCCB katika kifaa kimoja) kwenye saketi ya friji.

Dukani, soma maandishi ya breka. Tafuta 6000 ndani ya kisanduku kidogo, ndio uwezo wake wa kukata shoti kwa ampea, na namba IEC 60898. RCCB iwe aina A, yenye alama mbili za mawimbi, hasa kama una mashine ya kufulia au kiyoyozi cha inveta. Aina AC ina alama moja. Schneider, ABB, Hager na Chint zote zina breka za 6000, ila usichanganye majina kwenye basiba moja, maana meno ya basiba na vishikio vya breka vinavyokazwa kwa skrubu havikupimwa pamoja. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa, kwa hiyo breka nyepesi mno mkononi, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole chenye mate, irudishe.

Kosa la ufungaji linalounguza visanduku vipya ni dogo na limejificha. Jino la basiba linapita nyuma ya kishikio badala ya kuingia ndani yake. Skrubu inakaza vizuri, lakini inakaza hewa, na jino limeegemea tu kwa nje. Fundi akimaliza, umeme ukiwa umezimwa, avute kila breka kwa mkono. Inayocheza ifunguliwe upya. Waya kutoka mita uwe wa milimita za mraba 16. Ule wa 10 kwa joto letu unabeba ampea 49 na kitu, hauwezi kulindwa na breka ya 63.

RCCB mpya ikikata mara tu umeme unapowashwa kwenye nyumba ya zamani, usikubali itolewe au irukwe kwa kipande cha waya. Mara nyingi nyutro na ethi zimegusana kwenye boksi la soketi, au, kwenye kisanduku chenye RCCB mbili, nyutro ya saketi moja imefungwa kwenye kundi la nyingine. Zima zote, tenganisha nyutro moja moja, pima kila saketi kwa mega (kipimo cha uvujaji wa nyaya) ya volti 500: chini ya megaomu 1, kosa liko humo.

Kazi ya kabla ya mita, pamoja na lakiri zake, ni ya TANESCO, na ya baada ya mita mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya kumlipa, dai mwenyewe abonyeze kitufe cha TEST mbele yako, akuonyeshe kipimo cha rodi ya ethi kwa omu, na aandike kwenye kifuniko kila breka inalisha nini.