Asilimia 14 ya Uingereza na asilimia 14 ya Afrika Kusini

Mwaka 2024 vyama viwili, katika nchi mbili, vilipata karibu sehemu ileile ya kura. Reform UK cha Uingereza kilipata asilimia 14.3, kikaambulia viti 5 kati ya 650. uMkhonto weSizwe cha Afrika Kusini kilipata asilimia 14.6, kikaingia bungeni na wabunge 58 kati ya 400. Hakuna aliyeiba, ni mfumo tu.

Uingereza hutumia utaratibu tuliouzoea Tanzania na Kenya: jimbo moja, mbunge mmoja, na anayeongoza hata kwa kura moja ndiye huyo. Kule Hendon, London, chama cha Labour kilishinda kwa kura 15. Maelfu waliomchagua mshindani wake walirudi nyumbani mikono mitupu. Kura za Reform zilitawanyika nchi nzima kama chumvi ndani ya pipa la maji. Liberal Democrats, kwa asilimia 12 tu, zao zilirundikana panapofaa, wakavuna viti 72. Labour yenyewe? Theluthi ya kura, viti 411.

Afrika Kusini viti hufuata kura: unachagua chama, nacho hujaza viti vyake kwa majina ya orodha kiliyoipanga chenyewe. ANC, kwa asilimia 40, ilipata 159, ikalazimika kubisha hodi kwa chama cha DA, hasimu wake wa miaka mingi, ili serikali iundwe.

Kwa hesabu, naipa Afrika Kusini. Ila daraja la kijijini likibomoka, Mwingereza anamjua mbunge wa kumpigia simu. Mbunge wa orodha humwogopa zaidi aliyempanga kwenye orodha.