Mashine ya kahawa ya kapsuli nyumbani: uzoefu wangu

Nianze na sifa yake kubwa: kasi. Unawasha, kitufe kinamulika kwa nusu dakika hivi maji yakipata moto, unatumbukiza kapsuli (kile kikopo kidogo kilichofungwa chenye kahawa iliyosagwa), unashusha mkono wa mashine, unabonyeza. Kabla hujatafuta kijiko, kahawa iko kikombeni na povu lake la hudhurungi juu. Hupimi, huchuji, wala huachi machicha kwenye sinki. Kwa anayeishi peke yake, au nyumba ambayo mnywaji kahawa ni mmoja na wengine wote ni watu wa chai, hakuna njia nyepesi zaidi ya kupata kikombe kimoja tu.

Ladha ni nzuri, ila si ya kumwita jirani. Nilichokipenda ni kwamba haibadiliki. Kila kapsuli imefungwa isipenye hewa, kwa hiyo ya mwisho kwenye boksi inanukia kama ya kwanza, wakati pakiti ya kahawa ya unga ikishafunguliwa harufu huanza kuaga. Usibabaishwe na ile "bari 19" inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Bari ni kipimo cha mgandamizo, na huo ni uwezo wa juu wa pampu. Espresso ya kawaida, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hukamuliwa kwa bari 9 hivi.

Jambo linalowaudhi wengi, hata kama hawajui sababu, ni kipimo. Kapsuli ndogo za aina yangu, Nespresso ya mfumo wa zamani, zina gramu 5 hivi za kahawa. Kitufe kidogo kinatoa mililita 40, kikubwa 110. Ukiweka kapsuli ileile ukabonyeza kikubwa, maji yanaendelea kupita kwenye kahawa iliyokwisha kutoa utamu wake, na kinachofuata ni uchungu. Nikitaka kikombe kirefu nabonyeza kidogo, kisha naongeza maji ya moto kutoka kwenye birika. Tofauti unaisikia mdomoni papo hapo.

Sasa hesabu. Gramu 5 maana yake kilo moja ni kapsuli 200. Chukua bei ya kapsuli moja unayoiona dukani, zidisha mara 200, kisha linganisha na kilo ya kahawa nzuri ya kusaga. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua mashine, kwa sababu mashine yenyewe mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia. Faida inavunwa kwenye kapsuli, mwaka baada ya mwaka. John Sylvan, mmoja wa waanzilishi wa Keurig, kampuni ya Marekani ya mashine za kapsuli, na mbunifu wa kapsuli zake za K-Cup, alisema mwaka 2015 kwamba yeye mwenyewe hana mashine hiyo, na akataja gharama. Nilicheka, halafu nikaenda kuangalia boksi langu limebaki na ngapi.

Ndiyo maana nilijaribu kapsuli ya chuma ya kujaza mwenyewe. Gharama inashuka kweli, lakini unarudishiwa kazi zote ulizozikimbia: kujaza, kushindilia, kufunga, kuosha. Tena kahawa ikisagwa laini mno inaziba na kutoka tone kwa tone. Ikiwa chengachenga, unapata maji yenye rangi. Ukishapata usagaji unaofaa inatoka vizuri, ingawa povu ni jembamba. Naitumia siku ambazo sina haraka.

Taka nazo hujaa upesi. Kapsuli za alumini zinaweza kuyeyushwa zikatumika tena, ila lazima zifike panapokusanywa, na si kila mahali pana huduma hiyo. Mji wa Hamburg, Ujerumani, uliamua mwaka 2016 kuacha kununua kahawa ya kapsuli kwa fedha za umma kwa ajili ya taka hizi. Mimi hukata kifuniko nikamwaga machicha kwenye maua, jambo ambalo siwezi kudai ni la kupendeza asubuhi.

Usafi si kazi ngumu: mwaga kile chombo cha ndani kinachopokea kapsuli zilizotumika kila siku, la sivyo ukungu unaota, na ondoa chokaa kwa dawa yake mara mashine inapoanza kutoa maji kwa kusuasua.

Ningeinunua tena? Ndiyo, lakini aina hiihii tu. Kapsuli haziingiliani: ya Vertuo, mfumo mpya wa Nespresso, haiingii kwenye ya mfumo wa zamani kama yangu, na ya Keurig haiingii kwenye yoyote kati ya hizo. Ule mfumo wa zamani una kapsuli za makampuni mengi tangu hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, zilipoanza kuisha muda, hivyo una pa kukimbilia bei ikipanda. Halafu beba kikombe chako dukani ukakijaribishe chini ya mdomo wa mashine. Changu kikubwa hakiingii mpaka nitoe kile kibao cha chini, na kahawa hurukia meza.