Musi badala ya tyubu kwenye mbio ndefu za enduro: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa ili asiyetaka kusoma yote aendelee na shughuli zake. Musi, ile sponji nzito inayokaa ndani ya tairi badala ya tyubu, inafanya kazi, habari za pancha nimezisahau, na kwa mbio ndefu za pikipiki za nje ya barabara mimi kwenye tyubu sirudi. Ila wadau msidanganyike kwamba inakuondolea kazi, ile kazi ya kuziba pancha juani huku wenzako wanakupita unakuja kuifanya nyumbani kabla ya mbio, jasho lile lile na muda mwingi zaidi, kwa hiyo kama huna huo muda baki na tyubu nene yako, wala sikutanii.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, ni duara la sponji nzito nyeusi, mpira wenye vijitundu vidogo vidogo vilivyojifunga na gesi ndani, linakaa ndani ya tairi pale pale pa tyubu. Upepo hakuna, vavu hakuna, tundu la vavu unaliziba na kizibo cha mpira ili maji na mchanga visipite. Michelin ndo wanajulikana zaidi kwa hii kitu, ya kwao wanaiita Bib-Mousse, ila sa hivi watengenezaji wako kibao. Msumari ukiingia umeingia, we unaendelea na safari, jioni unauchomoa na koleo.

Nilianza kuifikiria pale nilipojiandikisha kwenye mashindano ya siku kadhaa ambayo njia yake ina mawe makali halafu mchanga halafu tena mawe. Kwenye njia ya hivyo tyubu ni mtihani, maana ukishusha upepo ili tairi ishike mchanga, ukikutana na jiwe kwa spidi rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Ukipandisha upepo kuikinga, mchangani unaogelea. Tyubu za milimita 4 zinasaidia, nimezitumia sana na sizisemi vibaya, lakini nazo zina uzito wake na jiwe likiamua limeamua.

Sasa kuifunga. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pale watu wengi wanapoitukana.

Tairi iweke juani kwanza ilainike, hii usiruke. Halafu jeli ya silikoni, na ninaposema jeli namaanisha nyingi, paka ndani ya tairi yote, kuta zote mbili, kisha ipake musi yenyewe mpaka iteleze mkononi kama samaki. Ile pakiti niliyopewa na muuzaji pamoja na musi ilikuwa haitoshi hata ya nyuma peke yake, sijui waliipima kwa kijiko gani, ikabidi ninunue chupa nzima pembeni. Ukishapaka unaiingiza musi ndani ya tairi kwa mikono kabla hujaigusa rimu. Musi mpya ni kubwa kuliko nafasi iliyopo humo, kwa hiyo inakataa, unasukuma huku inatokea kule, subira tu, piga magoti, bonyeza kipande kwa kipande.

Baada ya hapo unalaza rimu (angalia diski ya breki isiguse chini, ukiipinda umeshaanza shida nyingine) na unapandisha ukingo wa kwanza wa tairi kwenye rimu, huo hausumbui. Ukingo wa pili ndo wenyewe. Kwenye tyubu unatoa upepo wote unapata nafasi, ila musi haitoi nafasi hata siku moja, inasukuma muda wote. Siri ni lile bonde la katikati ya rimu: upande ulio mkabala na unapofanyia kazi lazima ukingo uwe umezama kwenye hilo bonde, na njia ya kuuzamisha ni goti lako na uzito wako, au mtu wa kukusaidia kukanyaga. Anzia kwenye rimuloki (kile kibano cha ndani ya rimu kinachozuia tairi isizunguke), isukume iingie kwenye musi vizuri ukingo ukae chini yake, kisha sogea kidogo kidogo pande zote mbili, leva tatu (vile vyuma vya kupandishia tairi), hatua ndogo za vidole viwili hivi. Ukiona unatumia nguvu nyingi sana hadi leva inapinda, simama, usiendelee, nenda upande wa pili ukaangalie, utakuta ukingo umetoka bondeni. Urudishe, endelea, utashangaa ile iliyokuwa inakutoa machozi inaingia yenyewe. Na kuna raha moja hapa ambayo watu hawaisemi, huna tyubu ya kubana, kwa hiyo hiyo leva unaichomeka bila woga.

Stendi ya kufungia tairi, ile yenye nguzo ya kati ya kupitisha ekseli, niliiona anasa mpaka nilipoitumia. Kama unajiandaa na mbio ndefu nunua au chomelea ya kwako, mgongo utakushukuru.

Jizoeze hiyo kazi ukiwa umechoka, sio Jumapili asubuhi umeshiba. Kwenye mbio za siku nyingi unabadilisha tairi jioni mikono imekufa ganzi, vidole havikunji. Wale wa ISDE, yale mashindano ya siku sita yaliyoanza mwaka 1913 kule Carlisle, Uingereza, sheria yao ni kwamba mpanda pikipiki anafanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, na mwisho wa siku ana dakika 15 tu za kufanya hayo, na watu wanabadilisha tairi mbele na nyuma zenye musi ndani ya hizo dakika na bado wanamalizia vitu vingine. Mi huko sijafika na sidhani kama nitafika, ila ile ya kufunga tairi nikiwa nimetoka kwenye mazoezi marefu, vumbi usoni, ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichofanya kwenye maandalizi.

Haya, ubaya wake mkubwa ni joto. Miba na misumari haiifanyi kitu musi, joto ndo linaiua. Kila gurudumu linapozunguka ile sponji inabonyea na kurudi, na inasuguana na ukuta wa ndani wa tairi, hapo ndo joto linapotoka, na jeli ipo ili kupunguza huo msuguano. Jeli ikikauka au ukikimbia spidi kubwa muda mrefu kwenye ardhi ngumu, vile vijitundu vya gesi vinapasuka, sponji inaanza kumeguka, mwisho unakuta ndani ya tairi kuna unga unga na mabonge. Ndo maana watengenezaji wanaandika ni za mashindano tu sio za barabarani na wanaweka na kikomo cha spidi, someni hicho kikaratasi jamani. Kwa hiyo adui wa musi kwenye rali ni ile lami ya kukupeleka mwanzo wa sehemu ya mashindano na kukurudisha kambini, maana hapo ndo unanyoosha gia ya mwisho kilomita na kilomita, tairi ya nyuma inachemka. Mimi kwenye lami nilikuwa natembea kizee, na kila nikisimama kujaza mafuta nashika ubavu wa tairi kwa kiganja. Ikiwa ya moto kiasi kwamba mkono hautulii pale, napunguza mwendo. Kipimo cha kienyeji lakini kiliniongoza vizuri.

Kwenye Dakar huko, ile rali kubwa ya jangwani, hili jambo wanalijua vizuri. Mwaka 2021 waliweka sheria kila mpanda pikipiki awe na tairi sita tu za nyuma kwa rali nzima, watu wakaanza kuhesabu tairi kama akiba. Na mwaka huo huo Toby Price, yule Mwaustralia, tairi yake ya nyuma ilichanika kwenye hatua ya siku mbili ambayo huruhusiwi msaada wa mafundi, akaifunga na tepu na zile kamba za plastiki za kubania waya, kesho yake akatembea nayo hivyo hivyo na akamaliza siku akiwa miongoni mwa wa mbele. Ingekuwa ni tairi ya upepo pale hadithi imeisha. Mimi langu lilikuwa dogo, jiwe lilichana ubavu wa tairi ya nyuma mpaka sponji ikawa inaonekana, nikashuka nikaangalia, nikaingiza kidole, nikapanda nikaondoka. Kwa tyubu hapo ningekuwa nimekaa chini nafungua ekseli.

Ila pikipiki inabadilika, usitegemee ni ile ile. Musi mpya inakupa kama presha ya 0.9 bar hivi, psi 13, na ndo hiyo hiyo kutwa nzima, mchanga mawe tope yote sawa, huwezi kushusha wala kupandisha. Mpya mpya ni ngumu, tairi ya mbele inadunda kwenye mawe madogo. Ikishatembea kidogo inalainika na hapo ndo tamu, halafu inaendelea kulainika mpaka inakuwa uji, tairi inayumba kwenye kona. Gurudumu pia linakuwa zito, nilihisi kwenye kuinua mbele kuruka magogo, na ikabidi nirudi kwenye shokapu nicheze na kasi ya shokapu kurudi ikishabonyea, kwa klik chache za kile kirekebishi chake maana nyuma ilikuwa inapiga mateke. Kuna watu wanatoboa musi matundu kwa drili ili ilainike, kwa enduro ngumu ya mwendo wa pole pole ya miamba sawa, ila kwa mbio ndefu za spidi sishauri, unakuwa unaifupishia maisha kwa hela yako mwenyewe.

Saizi nayo iangalieni. Namba kwenye musi inaweza kufanana kabisa na ya tairi, mfano 140/80-18 kwa 140/80-18, lakini tairi za kampuni tofauti hazilingani tumbo. Tairi pana kidogo ikikutana na musi nyembamba kidogo kunabaki nafasi, musi inatembea ndani, inasugua, joto, unga. Fuata jedwali la mtengenezaji la tairi gani kwa musi gani. Ambao musi zao zimesinyaa huwa wanakata kipande cha musi nyingine wanaongezea kuziba nafasi, inafanya kazi kwa mazoezi, kwa mbio zenyewe mimi hapana.

Nilichofanya mimi: ya nyuma mpya kabisa, niliitembeza mazoezi mepesi kwanza ivunjike ugumu, ya mbele iliyotumika kiasi kwa sababu mbele inateseka kidogo na ikiwa laini inashika vizuri zaidi. Na ya nyuma ya akiba ikiwa imeshafungwa kwenye tairi na rimu yake, inasubiri kambini. Kama huna rimu ya pili basi hakikisha hayo mazoezi ya jioni uliyafanya kweli. Wale wa Dakar wanaokwenda bila mafundi wanapewa nafasi ya sanduku moja la lita 80, tenti, begi la kulalia na magurudumu ya akiba, ukitazama hiyo orodha unaona magurudumu yamepewa heshima gani.

Mambo mengine ya maandalizi sina mengi. Filta za hewa zilizopakwa mafuta kabisa, kila moja kwenye mfuko wake, unachomoa unachomeka. Mfuko wa maji wa mgongoni wa lita tatu na ujizoeze kunywa unatembea. Beringi za magurudumu badilisha tu usibishane nazo, hasa kwa vile gurudumu limeongezeka uzito.

Kuna na ule mfumo mwingine wa kibofu chembamba cha ndani kinachojazwa psi 100 na zaidi kukaba tairi kwenye rimu, halafu nafasi iliyobaki unaweka upepo kidogo unavyotaka. Nimeutumia kwa mazoezi na kwa uzito na mshiko ni mtamu kuliko musi, tena presha unabadilisha. Ila kila asubuhi lazima upime kibofu, na tairi ikichanika ubavu umebaki na rimu na mpira. Kwa siku moja naupenda, kwa siku nyingi mbali na watu sijiamini nao.

Alama zangu: pancha 10 kwa 10, mshiko 7, ufungaji 4 na hiyo ni kwa sababu nina stendi, uimara 6 kwa anayetunza na 2 kwa anayeendea kazini kwenye lami.

Ukienda kununua, iguse. Bonyeza kwa dole gumba sehemu kadhaa, iwe ngumu sawa pande zote, na iwe imefungwa kwenye nailoni yake sehemu yenye kivuli, maana inasinyaa hata ikiwa dukani haijatumika. Iliyokuwa inaning'inia dirishani inapigwa jua usichukue hata upunguziwe bei. Na ukishaifunga kwenye pikipiki, isiachwe imesimama na uzito wake juu ya tairi wiki nzima, weka stendi magurudumu yawe hewani, la sivyo musi inabonyea upande mmoja na siku ya kwanza utahisi kitu kinagonga gonga chini ukadhani ni beringi.