Mashine ya Kununua kwa Boti ya Kasi

Anayenunua boti ya faiba ya mita sita hadi nane, iwe ya kuvusha abiria baina ya Mokowe na Lamu au ya kuwapeleka wageni kwenye matumbawe ya Mafia, aanze na swali ambalo muuzaji halitaji: maji yakipwa, ni kitu gani kitakachogusa mwamba kwanza?

Kwa kigezo hicho, mashine ya kufunga tezini, yaani nyuma ya boti, inashika nafasi ya kwanza. Mguu wake, wenye rafadha (panga la kusukuma boti) mwishoni, huinuliwa ukatoka majini, boti ikapandishwa mchangani, na ikiharibika watu wawili huifungua na kuibeba hadi kwa fundi. Ile ya mipigo miwili, ya kuchanganya petroli na oili, ina ulafi wa mafuta, lakini vipuri vyake havisumbui kupatikana. Ya mipigo minne ni tulivu na hula kidogo, ingawa ni nzito na bei yake imepanda. Kabla ya kulipa, pima ubao wa tezi: wa inchi 15 huchukua mguu mfupi, wa inchi 20 mguu mrefu. Ukifunga mguu mfupi kwenye ubao mrefu, rafadha hukaa juu mno, ikanyonya hewa, na injini hunguruma bure huku boti haiendi. Mashine iliyokwisha kutumika iwashwe ndani ya pipa la maji, nawe utazame inavyokojoa, yaani inavyotoa nje maji ya kupoza injini: mkojo ukiwa dhaifu, ama impela, gurudumu la kusukuma maji ndani ya pampu, imechakaa au chumvi imeziba njia za kupoza, na bei ishuke hapo hapo.

Ya pili ni jeti ya maji, ambayo William Hamilton wa New Zealand aliiendeleza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya maji haba. Haina rafadha ya kuning'inia nje, jambo la heri kwa waogeleaji. Ila hufyonza mchanga na mwani, na katika mwendo wa pole hupoteza mafuta.

Dizeli ya ndani yenye shafti hudumu, lakini inataka kina, hivyo iachiwe boti kubwa za mizigo.

Ya mwisho, kwa maoni yangu, ni injini ya ndani yenye mguu wa nje, aina ambayo Volvo Penta iliitangaza mwaka 1959. Huenda kasi kweli. Lakini mguu wake hupita tezini kupitia mpira wenye mikunjo, na mpira huo ukipasuka usiku boti ikiwa nangani, asubuhi utaikuta imekaa chini.