Jokofu la chanjo: fundi aliondoa joto, akatuachia barafu

Jokofu la chanjo halipimwi kwa kugusa ukuta wake na kusema linapooza. Fundi wa kampuni ya matengenezo tuliyosaini nayo mkataba wa mwaka alifanya hivyo hivyo, na naandika haya bado nina hasira.

Tulimwita kwa sababu ya joto. Mchana Fridge-tag, kile kifaa cha kurekodi joto la jokofu, ilikuwa inapanda kupita nyuzi 8, kikomo cha juu cha chanjo. Kwenye zahanati ya huku Bahi, Dodoma, msimu wa upepo na vumbi, anayeijua kazi anaanzia nyuma ya jokofu. Anapiga brashi kondensa, mabomba ya kutoa joto nje, kwa sababu vumbi likiiziba joto halitoki. Anaangalia kama jokofu limebanwa ukutani hewa isipite. Anafungia karatasi kwenye mpira wa mlango na kuivuta. Ikichomoka bila kukwama, mpira umekwisha. Kisha anapima umeme unaotoka kwenye stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme. Kazi yote hiyo inataka brashi ya kupakia rangi, kitambaa, karatasi na mita.

Yeye alizungusha themostati mpaka mwisho. Akatoa vikapu vya ndani, eti hewa izunguke. Akapiga picha kipimajoto, akaituma ofisini kwao, akaondoka. Kondensa ilibaki na vumbi lake.

Dodoma wakati wa kipupwe usiku ni baridi kweli. Themostati ikiwa mwisho na hewa ya nje imepoa, jokofu linaendelea kushuka tu. Asubuhi Fridge-tag ilikuwa na alama ya hatari ya baridi, ile inayotokea joto likikaa nyuzi -0.5 au chini kwa dakika 60 mfululizo. Vichupa vya Penta, chanjo ya magonjwa matano ya watoto, bila vikapu vya kuvitenga, vilikuwa vimeegemea ukuta wa barafu.

Alipopigiwa simu alijibu: "Sista, mlisema halipoozi. Sasa linapooza, mnalalamika nini tena?" Akakata.

Tunalalamika kwa sababu Penta, PCV (ya nimonia), HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) na Td (ya pepopunda na dondakoo) zikiganda zimeharibika, na VVM, kibandiko cha kichupani chenye mraba unaogeuka rangi, haitakwambia. VVM inasoma joto, baridi haiioni. Kichupa kilichoganda kikayeyuka kinaonekana kizima kabisa, mraba wake bado mweupe. Mama ametembea na mtoto wa wiki 6, mtoto anachomwa dawa isiyo na uhakika wa kumkinga, na kwenye kadi tunaandika amepata. Hilo fundi halijui, au analijua na halimgusi. Sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa haki itendeke. Kampuni hiyo hiyo ina simu ya msaada, na dada aliyepokea alikuwa hodari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akieleza mnyororo baridi, yaani utunzaji wa chanjo kwenye ubaridi wake. Kwanza alisema themostati irudishwe na chanjo zote zihamie kwenye kasha baridi, aispaki (vile vipakiti vya barafu) zikiwa zimeachwa nje hadi ukizitikisa unasikia maji. Aispaki ngumu inagandisha chanjo upya. Penta iliyokutwa imeganda kabisa itupwe bila majadiliano. Zinazotiliwa shaka tu ndizo zifanyiwe jaribio la kutikisa, mratibu wa chanjo wa wilaya akiwa na habari.

Alitaja hatua bila kuruka. Chukua kichupa cha mfano cha chanjo ileile, mtengenezaji yuleyule, bechi ileile. Kiandike ILIGANDISHWA kisije kikatumika. Kigandishe usiku kucha kiwe barafu, kisha kiyeyuke chenyewe, usikipashe moto. Shika vyote viwili, cha mfano na kinachoshukiwa, mkono mmoja, tikisa sekunde 10 hadi 15, viweke mezani na uangalie kwa dakika zisizozidi 30. Mashapo ya kinachoshukiwa yakituama haraka sawa na ya mfano, au haraka zaidi, tupa. Yakichelewa, chanjo inafaa. Kwa IPV, chanjo ya polio ya sindano, jaribio hili halina maana.

Kwa dada yule ningewapa alama zote, na nilishaanza kufikiri tuendelee nao. Kisha nikaitazama tena fomu ya kazi ambayo fundi alituachia. Ina swali moja la matokeo: linapooza, ndiyo au hapana. Fundi aliweka tiki kwenye ndiyo na kwa kampuni kazi imeisha. Kumbe ujeuri wa simuni ulitoka kwenye fomu! Hapana, siwapendekezi kama mkataba wao ulivyo.

Mkiwa mmebanwa na hamna wengine, msisaini mpaka waongeze haya: themostati irekebishwe kwa kipimo cha alfajiri, jokofu likiwa kwenye baridi yake kubwa kuliko zote, na lisishuke chini ya nyuzi 2, vikapu virudi mahali pake kabla fundi hajaondoka, na malipo yatoke baada ya Fridge-tag kuonyesha siku mbili, usiku na mchana, kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo nazo zikae kwenye kasha au jokofu la jirani mpaka hapo.